Anayeachwa Nje ya Darasa la Mtandaoni Haonekani

Shule ya mtandaoni ikitaka kuonyesha kwamba inawapokea watoto wa kila aina, picha yake huwa ni ileile. Watoto wanne au watano wa rangi mbalimbali wameizunguka kompyuta wanacheka, na pembeni yupo mmoja kwenye kiti cha magurudumu. Kuna kichekesho hapo. Huyo wa kiti cha magurudumu ndiye ambaye masomo ya mtandaoni mara nyingi yamemwondolea vikwazo vikubwa kuliko vyote: ngazi, mlango mwembamba, vyoo visivyofikika, safari ya kwenda na kurudi. Waliobaki nje ni wengine, na si rahisi kuwapiga picha. Ni asiyeona aliyetumiwa zoezi lililopigwa picha kutoka kitabuni. Ni kiziwi ambaye mkalimani wake amekuwa mdogo kama stempu kwenye kona ya skrini. Ni msichana anayesubiri simu pekee ya nyumbani irudi jioni na mwenyewe, na mwenye kigugumizi anayeambiwa ajibu kabla sekunde hazijaisha.

Ujumuishi wa watoto hawa huamuliwa kabla mwalimu hajasema neno la kwanza, na huamuliwa kwenye mambo yanayoonekana madogo na ya kiufundi: ratiba, aina ya faili, kanuni ya mahudhurio, muda wa mtihani. Katika hayo yote lipo moja ambalo kwa maoni yangu limewaacha nje watoto wengi kuliko jingine lolote, nalo ni mazoea ya kulifanya somo la mubashara la video kuwa ndiyo shule yenyewe, na mengine yote kuwa nyongeza.

Kwa nini hatulioni hilo? Kwa sababu skrini inaficha. Mwalimu aliyesimama mbele ya watoto anamwona anayekodolea ubao macho, anayechungulia daftari la jirani kwa kuwa hakusikia, anayesinzia. Mtandaoni ana viboksi vyeusi vyenye majina. Mtoto ambaye mtandao wake umekatika, mtoto ambaye simu yake imezimika chaji, mtoto anayebembeleza mdogo wake na mtoto aliyetoroka kwenda kucheza, wote wanne wanafanana. Na kwa kuwa binadamu hapendi kuacha jambo bila maelezo, kiboksi cheusi hupewa maelezo mepesi kuliko yote: mvivu huyo. Rejista inaandika kwamba hakuhudhuria, ripoti ya muhula inasema hashiriki, mzazi anaitwa. Hakuna safu kwenye rejista ya kuandika kwamba somo ndilo lililomkataa.

Tulifikaje hapa? Mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya Uviko-19, wanafunzi wanaokaribia bilioni 1.6 walijikuta nyumbani, kwa hesabu za UNESCO. Shule nyingi zilifanya lililokuwa jepesi kulifikiria: zikachukua ratiba ya darasani kama ilivyo, saa mbili Hisabati, saa tatu Sayansi, zikaihamishia kwenye programu za mikutano ya video ambazo zilitengenezwa kwa ajili ya watu wa ofisini. Agosti ya mwaka huohuo UNICEF ilikadiria kuwa watoto wasiopungua milioni 463 hawakuweza kufikiwa na masomo ya mbali kwa njia yoyote, iwe redio, televisheni au intaneti. Mwishoni mwa mwaka, UNICEF pamoja na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu zikatoa hesabu nyingine: theluthi mbili ya watoto duniani wenye umri wa miaka 3 hadi 17, yaani bilioni 1.3, hawakuwa na intaneti nyumbani.

Takwimu hizo zimetajwa mara nyingi, na kila zinapotajwa jibu huwa ni minara, nyaya na vifaa. Sipingi minara. Lakini hesabu ya "ana intaneti, hana intaneti" ina udanganyifu wake. Nyumba yenye watoto watatu na simu moja inahesabiwa kuwa imeunganishwa. Nyumba yenye simu inayoondoka asubuhi na mzazi kwenda kazini inahesabiwa kuwa imeunganishwa. Nyumba yenye kompyuta ambayo kaka ndiye mwenye nayo na dada huipata akishaosha vyombo, nayo imo katika hesabu. Mtoto wa nyumba hizo ana intaneti kweli, ila hana intaneti saa mbili kamili asubuhi. Kinachomtoa darasani ni kengele ya shule. Mnara hauna kosa, na kengele hiyo shule inaweza kuibadilisha bila kusubiri msaada wa mtu.

Kuna shule moja ya zamani ambayo ilianza na mtoto wa mbali kabisa, na inafaa kuitazama. Mwaka 1951, huko Alice Springs katikati ya Australia, ilianzishwa shule ya redio kwa ajili ya watoto waliokuwa wakiishi kwenye mashamba ya mifugo yaliyotengana kwa mamia ya kilomita. Redio zenyewe zilikuwa za huduma ya madaktari wanaosafiri kwa ndege. Muda wa hewani ulikuwa mchache na sauti ilikwaruza, hivyo hakuna aliyedhani kwamba masomo yote yangeweza kupita humo. Kazi kubwa ilifanyika kwa vifurushi vya karatasi vilivyotumwa kwa posta, na redio ikabaki kwa kile ambacho karatasi haiwezi: mtoto kusikia sauti ya mwalimu wake, kuuliza, na kusikia kwamba kuna watoto wengine. Shule hiyo nayo ilikuwa na ubaguzi wa zama zake. Ila mpangilio wake ulikuwa na akili ambayo miaka sabini baadaye, na mitambo yote tuliyonayo, tuliitupa.

Hebu tuliangalie somo la mubashara linamdai mtoto nini. Linataka kifaa chake peke yake kwa saa hiyo, mtandao wenye nguvu mfululizo, mahali penye utulivu, sikio linalosikia sauti iliyobanwa, jicho linaloona maandishi madogo, lugha ya mwalimu kwa kasi ya mwalimu, ulimi mwepesi wa kujibu, na kwa mtoto mdogo linataka mtu mzima wa kukaa naye. Kila sharti linapunguza watoto kadhaa, na wanaopunguzwa na sharti la kwanza mara nyingi ndio haohao wa la pili na la tatu. Anayebaki mpaka mwisho ni mtoto mwenye chumba chake, kompyuta yake, afya yake na mzazi asiye na shughuli nyingi. Huyo ndiye tuliyemtengenezea shule, hata kama hatukukusudia.

Sasa geuza mpangilio. Chukulia somo ni faili ndogo: kurasa chache za maandishi yaliyoandikwa vizuri, sauti ya mwalimu akieleza, zoezi moja. Mtoto analipakua wakati wowote ndani ya wiki, analisoma bila mtandao, analirudia mara nne akitaka, anaongeza ukubwa wa herufi, anapunguza kasi ya sauti. Saa moja ya video inaweza kumeza mamia ya megabaiti, ilhali kurasa kumi za maandishi hazifiki hata megabaiti moja. Kisha kipindi cha mubashara, kifupi na chenye watoto wachache, kinawekwa kwa ajili ya maswali, mabishano, kucheka na kujuana. Anayekikosa hajakosa shule, amekosa kikao, na kikao kina kumbukumbu ya maandishi anayoweza kuisoma.

Najua pingamizi. Mtoto wa miaka sita hawezi kujisomea faili, na hata wa miaka kumi na mbili akiachiwa wiki nzima ataanza kazi Jumapili usiku. Ni kweli, na ndiyo maana sijasema kikao kifutwe. Lipo pia pingamizi zito zaidi, nalo linatoka kwa viziwi. Kwa mtoto ambaye lugha yake ya kwanza ni lugha ya alama, maandishi ni lugha ya pili, na kikao cha video na mwalimu anayezungumza kwa alama ndiyo shule bora awezayo kuipata mtandaoni. Kwake yeye video ndiyo njia kuu. Kanuni inabaki ileile hata hivyo: njia kuu ichaguliwe kwa kumtazama mtoto aliye mbali zaidi na somo. Kwa darasa la viziwi uchaguzi huo utatoa jibu tofauti, na hiyo ndiyo maana ya kuanza na mtoto.

Nimewataja viziwi, basi nikae hapo kidogo, kwa sababu darasa la mchanganyiko linaonyesha jinsi nia njema inavyoweza kushindwa na mpangilio wa skrini. Shule imemwajiri mkalimani wa lugha ya alama. Gharama imelipwa, picha imepigwa. Somo linaanza na mkalimani anaonekana vizuri. Dakika ya tatu mwalimu anashirikisha skrini yake ili kuonyesha mchoro wa mfumo wa damu. Mchoro unajaa kioo kizima na nyuso zote zinasukumwa pembeni kuwa vipande vidogo, mkalimani akiwemo. Kwenye simu vidole vyake havionekani tena, na lugha ya alama haiishii mikononi hata hivyo, usoni pia kuna sarufi. Mtoto akifanikiwa kumkuza mkalimani, mchoro unapotea. Na hata akiwa na skrini kubwa inayoonyesha vyote viwili, ana macho mawili yanayotazama mahali pamoja kwa wakati mmoja: mwalimu anaposema "tazama mshipa huu hapa", mtoto anamtazama mkalimani anayemwambia atazame mshipa, na akigeuza macho kwenye mshipa mwalimu ameshafika kwenye moyo.

Dawa yake haihitaji programu mpya. Mwalimu anyamaze kidogo kila anapoonyesha kitu. Aonyeshe, anyamaze, kisha aeleze. Mchoro utumwe siku moja kabla. Mkalimani abandikwe mahali pa kudumu kwenye skrini za wote, jambo ambalo programu kubwa za mikutano zinaliruhusu siku hizi iwapo mwenye kikao anajua kitufe kilipo. Utulivu huo wa sekunde chache huwafaa pia anayejifunza kwa lugha ya pili, anayeandika polepole na ambaye mtandao wake unakwama. Manukuu yanayotembea chini ya skrini ni msaada kwa anayesoma vizuri, lakini yasidhaniwe kuwa yanamfanya mkalimani asihitajike, na yale yanayotolewa na mashine yenyewe huboronga zaidi panapohitajika usahihi, yaani kwenye majina na istilahi za somo.

Kwa wasioona, tatizo la kila siku lina jina la kuchosha: PDF. Mwalimu amepiga picha ukurasa wa kitabu, ameuhifadhi kama PDF, ameutuma. Kwa anayeona ni ukurasa wa kawaida. Kisoma skrini, ile programu inayotamka yaliyoandikwa, kinapofika pale kinakuta picha tupu, na ama kinanyamaza au kinasema neno moja, "picha". Mtoto hana namna ya kujua kama humo kuna maswali kumi au ua la mapambo. Kumbe maandishi yaleyale yangechapwa kwa herufi, au yangebandikwa tu kwenye ujumbe, yangesomeka na kisoma skrini chochote. NVDA, kisoma skrini kinachotumika kwenye Windows, ni ya bure, na simu nyingi janja zina kisoma skrini ndani yake tangu dukani. Vifaa vipo. Kinachokosekana ni mwalimu kuambiwa kwamba picha ya maandishi si maandishi.

Mazoezi ya "buruta neno uliweke mahali pake" yanapendeza sana kwenye maonyesho ya wauzaji. Yametengenezwa kwa kidole au kipanya, na mara nyingi hayana njia ya kuyafanya kwa kibodi. Asiyeona hawezi kuburuta asichokiona, na mtoto ambaye mikono yake inatetemeka hulifikisha neno karibu na mahali pake kisha likaponyoka. Halafu kuna rangi. "Majibu sahihi yapo kwenye kijani, makosa kwenye nyekundu": katika watu wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya, mwanamume mmoja katika kila kumi na wawili hivi ana shida ya kutofautisha rangi hizo, na mvulana wa miaka minane anaweza asijue kwamba anayo. Alama ya vema na ya kosa ingemaliza shida.

Haya yote yameandikwa zamani. Miongozo ya kimataifa ya kuifanya mitandao ifikike kwa wenye ulemavu ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1999, ikaboreshwa mwaka 2008, 2018 na 2023. Imeeleza hadi tofauti ya mwanga inayotakiwa kati ya herufi za kawaida na mandhari yake, angalau 4.5 kwa 1, na imesema wazi kuwa rangi isiwe njia pekee ya kutoa ujumbe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 una kifungu kizima, cha 24, kuhusu elimu jumuishi. Na tunazungumzia watoto wengi: UNICEF ilikadiria mwaka 2021 kuwa watoto karibu milioni 240 wana ulemavu, mmoja katika kila kumi. Ukisikia mtu anasema tunahitaji utafiti zaidi kabla ya kuanza, muulize ameshasoma upi.

Kamera nayo inagombanisha walimu, wazazi na watoto kuliko jambo jingine lolote la darasa la mtandaoni, na pande zote zina hoja. Mwalimu anataka kuona nyuso, na ana sababu zaidi ya ukaguzi: kuzungumza na viboksi vyeusi kwa saa sita kunamchosha roho, na uso wa mtoto humweleza mambo, pengine hata dalili kwamba nyumbani si salama. Lakini kamera haiingii na uso peke yake. Inaingia na ukuta ulio nyuma, kitanda, watu wanaopita, sauti za ugomvi. Mtoto aliyekuwa amefaulu kuwa sawa na wenzake kwa sababu ya sare ya shule anajikuta amefungua chumba chao mbele ya darasa zima. Ile mandhari bandia ya kuficha chumba, ambayo hutajwa kama suluhisho, inahitaji kifaa chenye nguvu, kwa hiyo anayeihitaji zaidi ndiye asiyeweza kuiwasha. Kwa baadhi ya watoto wenye usonji, kuzungukwa na nyuso ishirini zinazotazama mbele moja kwa moja ni mateso. Msimamo wangu ni kwamba kamera iwe hiari kwa wote na isihesabiwe katika mahudhurio, na mwalimu awe na mazungumzo mafupi ya ana kwa ana na kila mtoto, hata kwa simu ya kawaida, kwa sababu lile la usalama wa mtoto halipatikani kwenye kikao cha watu thelathini.

Tuje kwenye lugha. UNESCO imekuwa ikisema kwa miaka kuwa asilimia 40 ya watu duniani hawapati elimu kwa lugha wanayoizungumza au kuielewa. Darasani ugumu huo hulainishwa na jirani: mtoto ananong'ona, "amesema nini?", na mwenzake anamfafanulia kwa lugha ya nyumbani. Mtandaoni mnong'ono huo umefungwa. Ujumbe wa siri kati ya watoto huzimwa, na kwa sababu za kueleweka, maana humo ndimo uonevu hupita. Lakini tukizima bila kuweka kingine, tumemnyang'anya mtoto mkalimani wake wa asili. Makundi madogo ya watoto wawili wawili, yenye ruhusa ya kuzungumza lugha yoyote mradi jibu linalorudi liwe la lugha ya darasa, hurudisha sehemu ya msaada huo. Shule zinazoona lugha ya nyumbani kama kosa la nidhamu hazitalifanya, na hapo tatizo lao si la mtandao.

Kuhusu yaliyomo ndani ya masomo, majina ya watu kwenye maswali ya hesabu, familia zinazochorwa, nani ni daktari na nani anapika, nitapita haraka. Yana umuhimu. Mtoto ambaye hajawahi kukutana na jina la aina yake kwenye zoezi lolote anaelewa ujumbe hata asipoweza kuueleza. Ila nimeona mijadala ya ujumuishi ikianza na kuishia hapo kwa sababu ni rahisi: unabadili jina na picha, kazi imeisha. Mtoto asiyeweza kulifungua faili hatafika kwenye swali lenye jina lake.

Mashine za kuwachunguza watoto ni jambo zito zaidi. Baadhi ya mifumo ya mitihani ya mtandaoni humtazama mtahiniwa kwa kamera na kutoa tahadhari akigeuka, akiondoka au sura yake isipotambulika. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walichapisha utafiti wao kuhusu programu za kibiashara zinazokisia jinsia ya mtu kwa kuchambua uso. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi zaidi makosa yalifika asilimia 34.7, wakati kwa wanaume weupe hayakuzidi asilimia 0.8. Programu hizo zimerekebishwa tangu wakati ule, na kazi yake si ileile ya kusimamia mitihani, lakini funzo kwa anayenunua mfumo wa aina hii ni kwamba mashine iliyofundishwa kwa nyuso za kundi moja haitawatendea haki wengine. Na kuna watoto ambao mwili wenyewe utawashtaki: mwenye tiki za misuli, yaani mishtuko ya mwili asiyoweza kuizuia, mwenye macho yasiyotulia, anayejisomea swali kwa sauti kwa sababu ndivyo anavyoelewa. Mfumo unaandika "tabia ya kutilia shaka". Sioni sababu ya kumweka mtoto wa miaka kumi na mmoja chini ya ulinzi huo kwa ajili ya jaribio la sehemu na desimali. Mpe swali ambalo jibu lake halinakiliki, au muulize mdomoni.

Shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch mwaka 2022 lilichunguza bidhaa za kielimu zaidi ya 160 zilizopendekezwa na serikali 49 wakati wa janga, likakuta karibu 9 katika kila 10 zilishughulikia data za watoto kwa namna iliyohatarisha au kukiuka haki zao. Hapa kuna mtego kwa sisi tunaopigania ujumuishi. Ili shule imsaidie mtoto ni lazima ijue anahitaji nini, na kila inachoandika kuhusu mahitaji yake ni taarifa nyeti ambayo inaweza kumfuata miaka mingi. Njia ya kutoka ipo, na ni nyepesi kuliko fomu tunazowajazisha wazazi: uliza mahitaji, usiulize ugonjwa. "Unahitaji herufi kubwa? Muda wa ziada? Maswali yasomwe kwa sauti?" Majibu yake yanamtosha mwalimu. Cheti cha daktari kinachosema mtoto ana disleksia, ile shida ya kusoma maandishi, hakimwambii mwalimu afanye nini Jumatatu asubuhi, lakini kikivuja kinamwambia kila mtu kitu ambacho familia haikutaka kisemwe. Na ikiwa muda wa ziada umewekwa kwa wote, kama mtihani haupimi kasi, hakuna haja ya kuuliza hata hilo.

Yote haya yanamwangukia mwalimu, na hapo ndipo makala nyingi za aina hii hukosa adabu, zikimwongezea mtu huyo majukumu kumi bila kumpunguzia hata moja. Mwalimu aliyepewa vipindi sita vya mubashara kwa siku hana saa ya kuandika maelezo ya picha, kukagua manukuu wala kumpigia simu mtoto aliyepotea. Kupunguza vipindi vya mubashara ndiko kunakompa saa hizo. Wakuu wa shule wanaogopa hatua hiyo kwa sababu wazazi wanaolipa hupima shule kwa idadi ya saa ambazo mtoto amekaa mbele ya skrini, na hofu yao ina msingi. Ila ni hofu ya soko, isipewe jina la ubora wa elimu.

Nguvu halisi ya shule, au ya wizara, ipo siku ya kununua. Mkataba ukishasainiwa, kampuni itasema kitufe hicho kitakuja toleo lijalo, na toleo lijalo halina tarehe. Kabla ya kusaini, mfumo upelekwe kwa wanafunzi wenyewe: mmoja anayetumia kisoma skrini, mmoja kiziwi, mmoja mwenye simu ya zamani na mtandao wa kusuasua, mmoja ambaye lugha ya mfumo si yake. Wapewe kazi za kawaida tu, kuingia, kufungua somo, kujibu zoezi, kulituma, kumuuliza mwalimu swali. Muuzaji awepo, akae kimya, asimsaidie yeyote. Watakapokwama paandikwe, na marekebisho ya pale walipokwama yawe sharti la malipo ya kwanza, pamoja na haki ya shule kuondoka na data zote za watoto mkataba ukivunjika. Muuzaji akikataa jaribio hilo, shule imeshapata taarifa iliyoihitaji, na haijalipa chochote.